Kiko cha Mama Cibalonza mikononi mwa Olive

Mwaka umetimia, Mama, tangu ulipotuacha nyumbani kwetu mtaani Nguba, asubuhi ya Jumapili, wengine tukiwa tumeshavaa nguo za misa. Bado tunashusha sauti tukipita mbele ya chumba chako, kana kwamba umejipumzisha tu.

Ulikuwa mtu wa watu. Muuza samaki wadogo wa sambaza hakupita langoni bila kuulizwa habari za watoto wake, kila mmoja kwa jina. Ulipohama kutoka kijijini Katana baada ya mume wako Papa Aloys kufariki, ulikuja kwetu na jembe lako, na nyuma ya nyumba pakaota mboga za lengalenga hata kabla hatujamaliza kukupangia chumba. Na kila Jumapili baada ya misa ulikaa barzani na kiko chako cha udongo, ukavuta taratibu, wala hukukubali kuharakishwa na mtu.

Wanaosoma wajue kwamba kiko hicho ulipewa na mama yako, naye alipewa na wake. Katika ukoo wenu kinapita kwa mabinti. Wewe Mungu alikujalia wavulana watupu, Élie na Yannick, basi kila mtu alijua kitakwenda kwa mdogo wako, Mama Mudogo Lucie. Mwenyewe alijua kuliko wote. Akija kukutembelea, alikuwa anashika kiko kwanza ndipo akushike mkono.

Lakini wewe ulikuwa unamtazama Olive, mke wa Élie. Mtoto wa mjini, wa mtaa wa Nyalukemba, mhasibu kwenye shirika, akitoka kazini anapika na kupokea wageni wa ukoo mzima. Hata hivyo, kwenye sherehe zetu aliitwa "muke ya Élie", utadhani wazazi wake hawakumpeleka kubatizwa. Ilimuuma, na wewe uliona inamuuma. Ndipo siku moja ulipomwita barzani ukamwambia avute kiti.

Mama, subira yako ilikuwa ya ajabu. Siku ya kwanza Olive alishindilia tumbaku mpaka ikafurika.

"Olive, unajaza kiko ama unajaza mufuko ya makala?" ulimuuliza.

Akawasha, akavuta kwa nguvu zake zote, akakohoa mpaka jirani akauliza kutoka ng'ambo ya ukuta kama kuna mgonjwa. Ulimi ukaungua. Bugali ya mchana aliisubiri ipoe kabisa.

"Hii haiko mbabula ya makala, mwanangu. Haiombi upepo."

"Lakini Maman, nikivuta pole inazimika."

"Izimike. Utawasha tena. Kuna mutu atakupeleka tribunal?"

Ukaanza naye upya. Jani lifikichwe kwa vidole, lidondoshwe ndani bila kubanwa, juu tu ndipo ligandamizwe kidogo. Avute kabla ya kuwasha, asikie kama hewa inapita. Awashe, aache tumbaku iinuke, ailaze kwa kitako cha kijiko cha chai, halafu awashe tena. Avute kidogo kidogo kama anayeonja uji wa moto, na moshi ukae mdomoni, asiumeze. Kiko kikianza kuchoma mkono, akiweke chini apige hadithi. Kwa hadithi hakuhitaji mwalimu.

Tulicheka sana. Yannick alianza kumwita shemeji yake "koko", yaani bibi, na Olive akamwambia amletee kiberiti basi, kama mjukuu mwema. Jumapili kwa Jumapili kikohozi kikaisha, mkawa mnapokezana kiko na maneno. Kuna mambo mliyoongea pale ambayo sisi wanao hatuyajui mpaka leo, na tumekubali.

Juzi, Mama, tumemaliza kilio chako kule Katana. Desturi unaijua, wewe ndiye uliyetusimulia. Anayeachiwa kiko anakiwasha, kinazunguka kwa mama wote wa ukoo, na lazima kirudi kwake kikiwa hai, bila kiberiti cha pili. Kikifa njiani, si chake. Uliacha neno kwamba ni cha Olive. Mama Mudogo Lucie akasema sawa, tutaona.

Olive alijua kwamba siku ile kilichopimwa si kiko tu, ni yeye pia. Kingemkataa, angebaki "muke ya Élie" mpaka azeeke. Alikijaza bila kushindilia, kikawaka vizuri, kikapita kwa mama huyu na huyu, hadi kikafika kwa Lucie, wa mwisho. Lucie hakukivuta. Alikishika mkononi akaanza kusimulia maharagwe yake, mvua, mbuzi wa jirani aliyevunja ua. Hatukusikia hata neno, tulikuwa tunatazama moshi ukipungua mpaka ukakatika. Hapo ndipo alipokirudisha.

"Imekufa," akasema.

Olive alilaza majivu kwa kidole gumba, akafunika nusu ya mdomo wa kiko kwa kiganja, akanyonya pole, akaachia, akanyonya tena. Ndivyo ulivyomfundisha Jumapili zako za mwisho, pumzi yako ikiwa imebaki ndogo, mkono wako ukiwa juu ya wake, ukimwambia kwamba moshi ukikatika, huko chini moto bado upo. Élie aliangalia viatu vyake. Hatukuona kitu kwa muda mrefu, na mama mmoja alikwisha kuanza kukunja mkeka wake. Halafu moshi mwembamba ukapenya kati ya vidole vya Olive.

Mama Mudogo Lucie alitazama mkono ule, si moshi. Machozi yakamshuka.

"Cibalonza peke yake ndiye alikuwa anafanya vile," akasema. "Mimi aliacha kunifundisha. Nilikuwa na haraka."

Alimsogezea Olive kiti karibu na chake. Kisha akatugeukia sisi. "Mukiandika tangazo ya mwaka, ile jina ya 'muke ya Élie' musiitie. Muandike vile inafaa."

Mama, tunakushukuru kwa mikono yako na kwa macho yako yaliyomwona kila mtu. Siku zetu zote tutakuwa nawe moyoni.

Tunaokukumbuka: mdogo wako Lucie, wanao Élie na Yannick, wajukuu zako Carmel na Sagesse, na Olive, binti yako.