Ukurasa wa Nne

Kuze, Mji wa Kale,
Mombasa.
Alhamisi, baada ya Alasiri

Kwa Kaka Ziad,

Assalaamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Natumai barua hii itakukuta mzima, na mafua ya baridi ya Eldoret yameshakuacha. Mama amenituma nikuulize kama unaivaa ile sweta aliyokununulia au umempa mwenzako wa chumbani. Sisi hapa afya zetu ni njema. Baba mguu wake umepoa. Shangazi Mwanakuu anapanda ngazi mwenyewe, ila macho ni yaleyale, na akitaka kutia uzi kwenye sindano lazima aniite. Mimi nimefunga shule, na Kidato cha Tatu kimebaki muhula mmoja.

Utashangaa kupata barua badala ya simu. Kwenye simu Mama hufungua sauti nyumba nzima isikie, na mimi unanijua, mbele ya watu maneno hunikauka. Jumanne ulisema hukuelewa vipi mfumo wa kompyuta wa Fadhiya umeanguka, ukanitaka nikueleze kila kitu kama kilivyotokea. Basi nakueleza.

Unakumbuka mambo yalivyokuwa ulipoondoka. Oda zetu zote za udi na manukato zilikuwa katika faili moja kwenye kompyuta ya Baba. Wa duka la Bondeni wakilifungua, wa bohari ya Makupa wanakataliwa. Mwezi wa Mfunguo Pili uliopita, harusi zilipokuwa nyingi, maduka mawili yaliahidi ambari ileile kwa watu wawili, na Baba akaenda mwenyewe nyumba kwa nyumba kuomba radhi. Ndipo alipoamua kwamba duka la hapa Kuze, la Bondeni na bohari ya Makupa yatumie hifadhidata moja ya nguvu, ya aina wanayotumia makampuni makubwa. Akasema waitwe wawili wapimwe, na mpimaji niwe mimi kwa kuwa sichoki kusoma. Nilitaka kukataa, lakini sauti yangu ilichelewa na wao wakaendelea na mazungumzo mengine.

Wa kwanza alikuwa Tony, wa kampuni moja ya Nairobi. Alimletea Baba kofia tatu zenye nembo ya kampuni, akainywa kahawa chungu ya Shangazi kwa mkupuo mmoja kama dawa, kisha akasema mfumo wao unabeba benki nzima na hauwezi kushindwa na udi. Shangazi akamuuliza kama benki zinanukia. Tony alicheka mpaka akapaliwa, na tangu hapo Shangazi anampenda.

Wa pili ni huyo Fadhiya uliyesoma naye wewe, anayefanya kazi na wenzake wawili katika fleti moja huko Tudor. Yeye hakufungua kompyuta siku ya kwanza. Alikaa na Shangazi mkekani, akauliza udi unapikwa vipi, na nani hatakiwi kujua nini. Shangazi akamwambia kwamba hilo la pili ndilo swali.

Niliingiza oda zetu za miaka sita, elfu sitini na mbili na zaidi, katika mifumo yote miwili, nikachora jedwali katika daftari la shule. Jaribio la kwanza lilikuwa la mbio. Niliuliza ni nani kutoka Lamu walioagiza udi wa sandali kila mwezi wa Shaabani. Wa Tony ulijibu kabla sijaondoa kidole. Wa Fadhiya ulichelewa kidogo, kama mtu anayemeza mate kabla ya kujibu. Jaribio la pili, niliwaomba jamaa wanane waandike oda kwa wakati mmoja kutoka sehemu zote tatu. Hapo wa Tony ulikwama Makupa, maana kila kitu lazima kifike kwanza kwenye mitambo yao ya mbali, na mtandao wa Makupa unaujua. Wa Fadhiya kila duka lina nakala yake, halafu nakala zinapatanishwa.

Jaribio la tatu ndilo nililolipenda. Nilizima stima katikati ya kuandika oda. Ilipowashwa, mifumo yote miwili ilikuwa imeitupa oda ile nzima. Nilidhani ni kasoro. Fadhiya akanieleza kwamba hivyo ndivyo inavyopaswa: jambo ama limeandikwa lote, ama halikuandikwa kabisa, kwa sababu nusu ndiyo inayoharibu hesabu za watu. Nililiandika hilo pembeni mwa ukurasa.

Jaribio la nne lilihusu nani anaona nini, na hili lilikuwa la Shangazi. Unalijua lile daftari lake la jalada la kijani. Kila nyumba ina mchanganyiko wake wa udi, na binti akiolewa hupewa mchanganyiko wa mamake na kitu kimoja kikaongezwa, na hicho hakijui mtu ila mama na Shangazi. Kwa vile macho yanamwacha, alikubali niuingize kwenye kompyuta, kwa sharti kwamba sehemu hiyo ifunguke kwa akaunti yake peke yake. Neno la siri alilichagua mwenyewe, akaninong'oneza sikioni ingawa chumbani tulikuwa wawili tu.

Jumatatu wiki iliyopita tulikuwa bado kwenye mfumo wa Fadhiya. Alasiri hiyo alikuja bohari ya Makupa mama wa bwana harusi, yule anayemwoa binti ya Bi Mwanaesha, kuulizia kama udi wa bibi harusi uko tayari. Kavumbi alikuwa kaunta. Alitazama kompyuta, akaona jina la nyumba ile na mchanganyiko wake wote, akafurahi, akamsomea kwa sauti tangu sandali na zafarani mpaka kile kitu cha mwisho, ambacho hata hapa sitakiandika. Kavumbi yuko nasi tangu enzi za Babu, na alidhani anausifu udi wetu. Wateja wengine walikuwa wamesimama wanasikiliza.

Magharibi haijafika, Bi Mwanaesha alikuwa sebuleni kwetu. Hakupandisha sauti. Alimwambia Shangazi, "Mwanakuu dadangu, udi ule mama alinifukizia mimi siku ya harusi yangu. Leo umesomwa dukani kama bei ya sukari." Kahawa hakuigusa. Shangazi alimsindikiza mpaka mlangoni, kisha akakaa na daftari lake mapajani bila kulifungua.

Baba alimuuliza Kavumbi alibonyeza nini. Akaapa kwamba hakubonyeza kitu, aliikuta imefunguka. Baba akasema kitu hakijifungui chenyewe. Tony alipopata habari alipiga simu, akasema hakutaka kumsema mtu, kisha akamsema. "Mzee, mfumo wa kutengenezwa chumbani ni mlango wa pazia," ndivyo alivyosema, na Baba alilirudia neno hilo mara mbili wakati wa chakula.

Fadhiya alikuja siku ya pili. Hakujitetea sana. Aliomba jambo moja tu, kwamba kabla ya kuhukumu isomwe kumbukumbu ya mfumo, maana kila anayeingia huandikwa jina la akaunti, kompyuta aliyotumia, saa aliyoingia na saa aliyotoka. Mtambo uko kwetu na yeye hana tena ruhusa ya kuufungua, kwa hiyo Baba alinituma mimi nikaichape. Nilirudi na karatasi. Baba hazijui karatasi zile, akaniuliza kama kuna kitu, nikamwambia, "Sioni kitu, Baba." Fadhiya alizipokea, akazigeuza moja moja, akatazama chini ya kila ukurasa. Halafu akanitazama mimi. Akasema, "Ahsante, Shahd," akakunja nyaya zake, akamuaga Shangazi kwa kumbusu mkono.

Baada ya hapo Kavumbi aliondolewa kaunta, sasa anapanga maboksi huko nyuma, yeye ambaye hawezi kukaa saa moja bila kutaniana na mteja. Fadhiya ameambiwa kwa heshima kwamba kazi haitakuwa yake. Ingekuwa mteja wake mkubwa wa kwanza. Baba atatia saini na kampuni ya Tony Jumamosi baada ya Alasiri, na sababu aliyoitoa ni ripoti yangu. Kwenye jaribio la nne niliandika kwamba mfumo wa Fadhiya umeanguka.

Kaka, tangu mwanzo wa barua hii nazunguka kando ya neno moja, na sasa sina pa kuzungukia tena.

Jumatatu ile mimi nilikuwa Makupa. Nilikwenda kupima sehemu ya Shangazi inachukua muda gani kufunguka kwa mtandao wa kule. Niliingia kwa akaunti yake, nikafungua nyumba ya Bi Mwanaesha kwa kuwa ndiyo iliyokuwa ya mwisho kuandikwa. Hapo wakaingia wanaume watatu wa lori kuchukua maboksi. Unajua nyumba yetu. Tangu nina miaka kumi, wakiingia wanaume wageni mimi huinuka nikaenda nyuma ya pazia. Hakuna aliyenifukuza, hata kunitazama hawakunitazama. Miguu iliinuka yenyewe. Nilikaa nyuma na kitabu changu, nikasahau, kisha tuktuk ikaja nikatokea mlango wa uani. Sikutoka kwenye akaunti. Robo saa baadaye akaja yule mama.

Iko kwenye kumbukumbu. Akaunti ya Shangazi, kompyuta ya Makupa, kuingia saa tisa na dakika arobaini, kutoka hakuna. Shangazi saa hiyo alikuwa hapa Kuze, amelala. Ni ukurasa wa nne. Nilipoutoa kwenye mashine niliukunja nikauweka kwenye msahafu wangu, naona haya hata kukuambia kwamba ni humo. Nilimpelekea Baba zilizobaki, wa tatu ukifuatwa na wa tano. Fadhiya aliziona nambari zile chini, Kaka. Alijua, na hakunitaja.

Nilijiambia kwamba sikusema uongo, sikumtaja Kavumbi, sikumtaja mtu. Lakini jana Kavumbi amemwambia Baba kwamba labda kweli alibonyeza kitu bila kujua, maana umri umekwenda. Anaanza kuamini. Mimi nimeandika nusu na nusu nimeizuia, na yeye ndiye anayeharibikiwa.

Leo nimeifuta ripoti kwenye jaribio la nne, nikaandika: mfumo umefaulu, mpimaji ameanguka. Ukurasa wenyewe nitaupeleka chini kwa Shangazi. Hawezi kuusoma, kwa hiyo itanibidi nimsomee kwa mdomo wangu. Naiacha barua wazi nikashuke.

Ijumaa asubuhi

Nimerudi. Jana Shangazi alinisikiliza mpaka mwisho, akaniambia nisome tena ule mstari wa saa. Nikausoma. Akasema neno la siri atalibadilisha mwenyewe na safari hii hataninong'oneza. Hilo lilinichoma kuliko kofi. Kisha akaomba buibui lake, akanishika mkono, tukaenda Bondeni kwa miguu, maana Baba alikuwa pale na Kavumbi alikuwa amepeleka maboksi. Kulikuwa na wateja wawili wanaume. Nilianza kuelekea kwenye pazia, Shangazi hakuniachia mkono. Nilisema yote nikiwa mbele ya kaunta. Nilisema polepole mno mpaka Baba akainama ili anisikie.

Baba hakunigombeza. Alimwomba Kavumbi radhi kwanza, mbele ya wateja, na mimi nikafuata. Kavumbi akanipapasa kichwa, akasema, "Binti, mimi nilishaanza kujiogopa." Leo asubuhi yuko kaunta, na nasikia ameshatukanana kwa mapenzi na nusu ya Makupa.

Saini ya Jumamosi imeahirishwa. Baba anataka kuisoma ripoti upya, na amesema huenda bado akamchagua Tony, kwa mbio zile. Ni haki yake. Bi Mwanaesha bado hajaja kwetu. Shangazi anampikia bintiye udi mwingine kabisa, na amesema huo hautaandikwa popote, si daftarini wala kwenye mtambo.

Mwisho Baba alinipa simu yake, akasema, "Mpigie Fadhiya. Wewe." Nilidhani nitaikata kabla haijapokelewa. Nilipojitaja aliniuliza tu kama ninao ule ukurasa. Nikamwambia ninao. Nikaufungua ukurasa wa nne, nikamsomea kuanzia mstari wa kwanza.

Kaka, ukiwa na la kunikaripia, niandikie, usiseme kwenye simu. Mama amekutilia halua ya zafarani na mkate wa sinia, usimalize peke yako. Baba anakukumbusha swala, na Shangazi anakuombea kwenye kila kifukizo. Kavumbi anasema ukirudi atakufundisha kusoma kimoyomoyo, na kwamba yeye ameshajifunza.

Mungu akuhifadhi na kukurudisha salama.

Nduguyo mdogo,
Shahd Abdulbasit