Kabula na Mwamba Uliotobolewa

Kaka Masanja, chuo cha muziki anachosoma mwanangu Kabula kinabomolewa! Kiwanja kimeuzwa, wenye mashine wameshakuja kupima.

Haya, sasa shikamoo kaka yangu. Nisamehe kutanguliza msiba. Goti la wifi limepoa? Sisi hapa Igogo tunapumua tu. Nimeandika kwa sababu simu unaikata nikianza habari za muziki.

Wewe chuo hujakiona. Mimi nawapikia chai, na mwalimu mkuu huwasimulia wageni habari zake mpaka nimezikariri. Zamani kilikuwa ghala la pamba. Kuta ni za mawe ya kuchonga, nene, ukilaza mkono dirishani vidole havifiki nje. Biashara ya pamba ilipolegea, padri mmoja akaliomba awafundishie vijana kinanda. Ukuta wa nyuma haukujengwa kabisa, paa limeegemezwa kwenye mwamba, majabali yetu haya haya ya Mwanza. Sauti inaligonga jiwe, inarudi imenenepa.

Basi wana desturi yao. Anayehitimu huwapa watu mgongo, akaupigia mwamba, na walimu husikiliza kinachorudi. Mpwa wako alipojaribu tarumbeta pale, wapiga kinanda walitoka madarasani kuja kuchungulia. Sijisifu kaka, lakini mjini humu wa kumpita hayupo. Na yale mashavu uliyosema yatavimba akose mchumba, hayajavimba! Kama ni mapana, ni ya ukoo wetu.

Sasa mwamba umetobolewa matundu ya baruti. Mbao za dari zimeng'olewa, popo wanaingia mchana. Wenzake wote wamekubali kuhitimia kanisani, yeye amekataa, amebaki peke yake. Juzi nikamwambia, "Mwanangu, piga tu upate cheti."

"Nimpigie nani, mama? Jiwe lenyewe limejaa matundu, halirudishi kitu."

"Nipigie mimi."

"Wewe unanisifia hata nikikohoa! Aje mjomba aliyesema hii si kazi. Asimame pale pale mwambani, nimpigie yeye. Asipokuja, tarumbeta nauza."

Tarumbeta ameisukuma chini ya kitanda, chakula anakidokoa tu. Mtoto aliyekuwa akiniamsha kwa mluzi, siku hizi hata salamu anaitoa kwa kunong'ona. Mwalimu mkuu amewabembeleza wenye mashine, wamekubali kungoja mpaka mwezi uishe, basi.

Njoo, kaka. Hata ukisimama umenuna, wewe simama tu. Usisingizie kivuko, daraja la Busisi sasa lipo. Utalala kwangu, sato hatakosekana. Msalimie wifi, na shangazi yetu aliyetulea, na mdogo wetu fundi baiskeli, umwambie avae lile koti la harusi. Waje wote, Kabula asipige kwenye ukumbi mtupu.

Mimi dada yako, Mama Kabula, nitakuwa nimesimama getini kuwapokea, Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu, asubuhi.