Njia ya Mama ya Uani

Malindi

Kaka Abdulhadi, shikamoo.

Natumai huko Maskati u mzima. Huku mvua ni nyingi, na Mama anakusalimu sana.

Uwanja wa nyuma nautengeneza upya: kokoto kote, na mawe bapa ya kukanyagia kutoka mlangoni hadi kwenye mti wa Mama wa maua ya mwasmini. Fundi Mangi alitaka kutandika mchanga mtupu chini. Nilikataa. Mchanga wa mwaka jana ulichukuliwa na mvua, mawe yakawa yanayumba. Safari hii tumechimba, tukamwaga kifusi cha matumbawe, tukakishindilia mpaka kikawa kigumu kama sakafu, ndipo tukaweka mchanga kidogo wa kulazia mawe.

"Dada, mbona wahangaika hivi kwa kijia cha uani?" Mangi akaniuliza.

Sababu yake nakwambia wewe. Mama haoni tena. Daktari amesema macho hayatarudi. Mama alinikataza nisikujulishe, na tangu alipoanguka matopeni alikuwa hatoki chumbani.

Jana nilimshika mkono nikamtoa. Alikanyaga mawe mawili, kisha mguu ukaenda pembeni, kokoto zikalia. Nikataka kumdaka.

"Niache, Lubna," akasema. "Zikilia najua nimeiacha njia."

Akarudisha mguu juu ya jiwe, akaniachia mkono, akaenda peke yake mpaka akayashika majani ya mwasmini.

Basi ule mpango wako wa kuiuza nyumba na kumchukua Mama, uache. Anakaa hapa, nami nakaa naye. Njoo umwone.

Mdogo wako,
Lubna