Vitunguu Tulivyofukia Nyuma ya Zizi

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Hapa Dar es Salaam mimi ni mzima, ila mimi na joto bado hatujaelewana. Habari za Masieda? Baridi imeanza? Magoti ya baba yanaendeleaje? Kaka Tluway aliniambia ng'ombe mweusi amezaa, nikafurahi mpaka jirani yangu hapa akauliza nimepokea mshahara au nini.

Najua utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Lakini Mama, wewe simu unaipokea kwa spika, na mtu akipita njiani anaitikia salamu zangu. Haya ni ya macho yako tu. Isome peke yako kwanza.

Unajua kampuni yetu inauza mifuko ya kuhifadhia mazao, na kazi yangu ni kuandika kwenye blogu, ule ukurasa wa mtandaoni ambapo wateja wanasoma habari za biashara yetu. Nilichokuficha ni kwamba hakuna aliyekuwa anasoma. Nilikuwa naandika kwa Kiswahili cha risala: "Kampuni yetu ni kinara katika kutoa suluhisho bora." Hata mimi mwenyewe nilikuwa nasinzia. Mwezi uliopita bosi wangu, dada Neema, aliniita akasema bila ukali, "Paskalina, mkataba wako unakaribia kuisha. Watu wasiposoma, sitakuwa na la kukutetea." Niliogopa sana, Mama. Nilikosa hata hamu ya kula.

Jumapili moja nikakumbuka yule kijana aliyekuja kwetu na mbolea. Aliingia uani, hajasalimia, hajauliza ng'ombe wala watoto, akaanza kusifia mbolea yake. Ukamwacha aseme mpaka amalize, ukamwambia, "Sasa rudi getini, uje tena kama mtu." Nilicheka peke yangu, halafu nikaacha kucheka, kwa sababu yule kijana alikuwa ni mimi. Mwaka mzima nimeingia kwenye nyumba za watu bila salamu.

Basi nikaanza upya. Niliwasalimu wasomaji. Niliwauliza huko kwao mvua imewaachia nini. Mifuko yetu sikuisifia. Niliwasimulia kosa, kwa sababu mkulima akisikia kosa la mwenzake huwa anasogeza kiti. Na kosa nililosimulia, Mama, ni letu.

Niliandika ule mwaka wa vitunguu saumu. Baba alikuwa Hirbadaw kwa shangazi, mawingu yakakutisha, ukavitia kwenye magunia shina likiwa bado bichi, tukafunika na turubai. Vikapata joto, vikaoza. Nikaandika jinsi tulivyovifukia nyuma ya zizi asubuhi kabla ya watu kwenda kisimani, na jinsi ulivyonishika bega ukasema, "Hili ni la mimi na wewe." Mwisho nikawauliza wasomaji, "Wewe uliwahi kufukia nini?"

Walijibu, Mama. Mwanaume mmoja wa Njombe aliandika habari za viazi vyake, ndefu kuliko zangu. Mama mmoja alisema alidhani ni yeye peke yake duniani. Nilimjibu kila mtu, kwa jina lake, na wakarudi tena. Kwa mara ya kwanza watu wakaanza kuuliza wenyewe juu ya mifuko. Dada Neema alinipigia makofi mbele ya ofisi nzima, na mimi nikainamisha kichwa kama mtu mnyenyekevu, kumbe moyoni najisifu.

Sikutaja jina lako. Niliandika tu "mama yangu, Masieda," nikadhani nimekuficha. Juzi mtoto wa mjomba wa Mogitu akanitumia ujumbe: "Dada, huyu si shangazi? Yule anayefundisha akina mama wa kanisani kukausha vitunguu?" Nimesahau vipi kwamba kwetu ukisema kijiji na zizi umeshasema jina? Wewe ndiye wanayekuletea kitunguu ukibonyeze useme kimekauka au bado. Nimechukua aibu uliyoniaminia nikaifanya chambo cha wateja, na sikukuuliza. Nisamehe, Mama. Sina utetezi.

Siku ile ile nilimwomba dada Neema tuyaondoe yale maandishi. Ameyaondoa, lakini anataka kuyarudisha, safari hii na jina lako na picha yako, ukieleza mwenyewe ulijifunza nini. Anasema yakirudi mkataba wangu hauna shida. Yasiporudi, hajui. Nimemjibu kwamba mwenye neno ni wewe, na amekubali kusubiri.

Barua hii nimempa Mama Zuhura, mfanyabiashara wa vitenge wa Dongobesh, aliyekuja kuchukua mzigo Kariakoo. Mkaribishe chai, amenisitiri sana hapa. Msalimie baba kwa heshima zote, kaka Tluway na mkewe, na bibi, mwambie bado nasali kabla ya kula. Huyo mtoto wa mjomba ukimwona usimgombeze, amefanya vizuri kuniambia.

Mama Zuhura anarudi huku baada ya wiki mbili. Mpe neno moja tu aniletee. Ukisema ndiyo, nitakuja na kamera na utasema unavyotaka wewe, na usichotaka hakitasemwa. Ukisema hapana, nitayafuta kabisa yale maandishi kwa mkono wangu, na mkataba ukiisha nitapanda basi nije tulime wote. Mama, usiniangalie mimi ukijibu. Mara ya kwanza niliamua peke yangu, na hii ya pili ni yako.

Mwanao,
Paskalina