Mtu wa Tisa

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Ipokee sasa hivi, maana ukifika mwisho wa barua hii huenda ukatamani kunirudishia. Magoti yanasemaje? Na watoto, bado wanakula kama nzige? Mimi ni mzima. Suruali zinanishuka kiunoni, lakini nawaambia watu ndiyo mitindo ya siku hizi.

Unajua shule mimi niliiacha njiani, lakini hapa mgodini wenye vyeti vya kutundika ukutani walikuwa wananipigia hodi. Kompyuta ya zamani ilipokufa, niliitwa mimi niihamishie programu ya orodha ya wachimbaji kwenye mashine mpya. Siku tatu tu, nikamaliza. Zamu ikishuka, programu inaandika mstari mmoja kwa kila genge: namba za watu walio chini. Kila namba inakula nafasi ya herufi kumi, na genge ni watu wanane. Nikaijaribu wiki nzima, haikukosea. Meneja akanipa mkono mbele ya watu, nami nikatembea kama jogoo aliyevaa viatu.

Ndipo ukaniandikia kwamba kitindamimba wetu anazurura tu, nimtafutie kazi. Nikamwendea nyapara, nikamchekesha mpaka akashika mbavu. Akasema haya, mlete, atakuwa wa tisa, ila asije akalizwa na giza. Mdogo wetu akaja anacheka, akasema buti za mgodi zimempa miguu ya tembo.

Siku yake ya nane kazini, mwamba ukaporomoka. Nikachapa orodha, waokoaji wakaingia nayo. Kufika kesho yake mchana walikuwa wametoa wanane, nyapara akiwemo, hakuna aliyepumua. Namba nane, maiti wanane. Wakasema basi, shimo lizibwe kwa zege kabla halijawameza na wao. Mdogo wetu hakuwemo kwenye karatasi, nikamshukuru Mungu. Nikajua ametega kazi, mjanja yule. Baadaye mgodi ukasema ametoroka na taa na buti zao, nami nikakuandikia hivyohivyo. Ukajibu kwamba umeshusha picha yake ukutani, kwamba wewe hukulea mwizi.

Dada, kaa chini.

Hakutoroka. Mchana uleule, kabla ya zege, mtunza taa alikuja na daftari lake kuniuliza mbona taa ya mdogo wangu ilichukuliwa asubuhi ya ajali na haijarudi. Nikaifungua programu. Kompaila, kile chombo kinachogeuza maandishi yetu yawe kazi ya mashine, usipokitajia urefu wa mstari hujichagulia chenyewe. Cha zamani kilijichagulia herufi mia na ishirini. Hiki kipya, themanini. Kinachozidi kinakatwa, kimyakimya. Watu wanane, themanini kamili. Wa tisa hana mahali. Kitabu chake kimeeleza yote. Mimi nilikuwa nakiwekea kikombe cha chai.

Nilikimbia hadi mlango wa meneja. Ndani walikuwa wananisifu, wanasema bila orodha yangu wangechimba bure wiki nzima. Mkono ukagoma kubisha. Nikajiambia nirekebishe kwanza, niingie na dawa, nisiingie na ugonjwa. Nikarudi, nikaandika urefu, neno moja na tarakimu tatu, nikachapa upya. Namba tisa. Ilikuwa imepita saa nzima. Nilipotoka na karatasi mkononi, lori la zege lilikuwa limeshaanza kumimina.

Nikaikunja, nikaitia mfukoni. Ilikaa humo miezi kumi na moja. Mwokoaji mmoja aliwahi kunisimulia kwamba siku ile alisikia kitu kinagonga, akadhani ni mawe yanajipanga. Nilimcheka, dada. Nilimwambia ana masikio ya popo.

Juzi nimeipeleka ile karatasi kwa wachunguzi. Nimesema yote, wala sikumchekesha mtu. Wameniambia nisiende mbali; nikawajibu sina pa kwenda. Shimo litafunguliwa Jumatatu. Njoo. Ukinipita bila salamu sitakulaumu. Ila kabla hujafunga mlango wa nyumba, rudisha picha yake kwenye msumari uleule.

Wasalimie watoto. Waambie mjomba wao mdogo hakuiba kitu.

Ni mimi nduguyo, uliyeniita Kasuku kwa kutonyamaza.