Video za Bi Somoe Zilizogoma Kuingia

Newala, Jumanne mchana

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Najua utaitikia marahaba hata ukiwa peke yako na karatasi mkononi. Goti linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua imesaidia, au bado linakukaza asubuhi? Na kifua cha baba? Maharage ya kule mteremkoni mmeshayatoa shambani? Mimi ni mzima. Nakula vizuri, na nimenenepa, kwa sababu huku kuna mizizi ya porini inaitwa ming'oko, inachemshwa kwa chumvi, ukianza kula mmoja huachi.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu simu yako unaiweka spika, na nikikohoa tu majirani wote wa Kasulu wanauliza nimepatwa na nini. Wiki hizi mbili ulikuwa unaniuliza, "Mbona sauti yako ndogo?" nami nikijibu ni mtandao. Haukuwa mtandao, mama. Nilikuwa naogopa. Sasa yamekwisha, tena vizuri, kwa hiyo soma bila wasiwasi. Ila soma mwenyewe kwanza kabla hujawasomea wengine.

Unajua kazi yangu ya ukarani katika chama cha wakulima ilikuwa ya majaribio, miezi sita. Mwezi wa mwisho ulipoanza, Katibu wetu, Bwana Chilumba, aliniita mezani kwake. Ni mtu wa maneno machache na anavaa koti zito kila siku. (Usicheke. Huku juu kuna upepo wa baridi, ukija utaliomba.) Akanieleza kuwa msimu uliopita korosho za wakulima wetu zilirudishwa kutoka ghala kuu kwa sababu zilifungwa zikiwa na unyevu. Watu walizimwaga upya kwenye mikeka mbele ya macho ya vijiji jirani. Mwaka huu alitaka mkutano kabla ya mavuno, wakulima waonyeshwe jinsi ya kuanika, na mwalimu awe Bi Somoe wa Chiungutwa, bibi ambaye korosho zake hazijawahi kurudishwa. Lakini Bi Somoe ana mguu mbaya, hawezi kupanda bodaboda mpaka Newala. Kulikuwa na bwana shamba aliyemrekodi kwa simu msimu mzima, na ingawa alishahamishwa, video zake sita bado zilikuwa kwenye ukurasa wake wa mtandaoni. Kazi yangu ilikuwa kuzipakua, kuzikata na kuziunganisha ziwe filamu moja, ionyeshwe ukutani kwa projekta.

"Umesoma kompyuta, siyo?" akaniuliza.

"Ndiyo, Katibu."

"Haya. Ukimaliza hili, tutazungumza habari ya barua yako."

Barua aliyoisema ni ya kunithibitisha kazini. Bila hiyo, mwisho wa mwezi ningefunga begi.

Nilizipakua zote sita siku ile ile. Nikafungua programu ya kuhariri, nikaivuta video ya kwanza. Ikagoma. Likatokea dirisha dogo linalosema aina hii ya faili haitambuliki. Ya pili, hivyo hivyo. Ya tatu nayo. Ya nne na ya tano ziliingia sauti tu, picha nyeusi tii, unamsikia Bi Somoe anaongea kama yuko ndani ya pango. Ya sita ilikataa kabisa. Nilizima kompyuta nikawasha. Nikaifuta programu nikaiweka upya.

Ndipo nikafanya jambo la kijinga, nakuambia wewe tu. Nikaona zile video tatu za kwanza majina yake yanaishia kwa herufi ambazo sizijui, wakati video zetu nyingine za ofisini zinaishia na mp4. Nikafuta zile herufi za mwisho, nikaandika mp4. Alama ya faili ikabadilika pale pale, ikafanana na nyingine. Nikafurahi mno. Katibu alikuwa anapita, akauliza, "Vipi?" Nikasema, "Tayari, Katibu, nimeshazibadilisha." Akaenda zake. Nikazivuta kwenye programu. Zikagoma vile vile.

Sasa nilikuwa na matatizo mawili, video na uongo. Siku nne nikazunguka nazo. Kila Katibu akifungua mlango nilikuwa naficha kioo kwa kufungua orodha ya wanachama.

Aliyenitoa ni Mama Salima, mtunza ghala letu. Ni mama mnene, mcheshi, husema "ntoto" kama watu wengi wa huku, na hutembea na bambo mkononi. Bambo ni kile chuma chembamba chenye mfereji, unachoma gunia kwa nje, korosho chache zinatoka, unazipasua kuangalia ubora. Aliingia kuchukua daftari akanikuta macho mekundu.

"We ntoto wa Kigoma, nani kakupiga?"

Nikamweleza yote, hata lile la kubadilisha majina. Akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akacheka hadi akashika meza.

"Yaani umefuta maandishi ya gunia, ukaandika daraja la kwanza!"

"Nilidhani..."

"Mwanangu, mkulima akinifanyia hivyo namfukuza na baiskeli yake. Ghalani hatusomi gunia, tunalichoma bambo. Umeangalia kilichomo ndani?"

Sikuwa nimeangalia. Mama, nimesoma miaka yote ile, na sikuwa nimeangalia. Nilikuwa nimeshughulika na jina tu.

"Na Katibu umemwambia ziko tayari?"

"Ndiyo."

"Basi anza na hilo," akasema, akanishika mkono kabisa, akanipeleka.

Nilisimama mbele ya Bwana Chilumba nikasema, "Katibu, zile video haziko tayari. Nilikudanganya." Akaweka kalamu chini.

"Kwa nini?"

"Niliogopa."

"Ulimwogopa nani?"

"Wewe, Katibu."

Akaonekana kushangaa kweli. "Mimi? Hata mke wangu haniogopi."

"Huyu anaogopa hilo koti," akasema Mama Salima kutoka mlangoni.

Katibu hakucheka. Akasema mkutano ni Jumamosi, na mtu ambaye anaficha tatizo ofisini kwake atakuja kuficha hata gunia lenye maji. Maneno hayo yaliniingia. Halafu akasema kesho yake nichukue kompyuta nipande gari kwenda Masasi kwa Kaka Hilari, anayerekodi harusi na kwaya za kanisani, na Ijumaa niwe nimerudi. Habari ya barua hakuitaja, nami sikuthubutu kuuliza. Njia nzima ya kuteremka Masasi nilikuwa nahesabu nguo zangu, zipi zitaingia begini.

Kaka Hilari ana chumba kidogo kilichojaa nyaya, naye ni mpole ajabu. Hakuniuliza faili zinaitwaje. Alizifungua kwenye programu ya kuchezea video, akabonyeza mahali pa taarifa za ndani, akanionyesha. Ndilo bambo lenyewe, nikajisemea. Kumbe faili la video ni kama gunia, na ndani picha zimeshindiliwa kwa njia maalumu, na kila programu ina njia inazozijua. Zile tatu zilikuwa za aina ya mtandaoni ambayo programu yetu haiifungui, hata uiite jina gani. Zile mbili zenye giza kweli zilikuwa mp4, lakini picha zake zilishindiliwa kwa njia mpya ambayo programu yetu ya zamani haijaijua. Ya sita haikuwa na kosa lolote isipokuwa mimi: bando liliisha katikati ya kuipakua, faili likabaki nusu, na kwa haraka yangu sikulinganisha ukubwa wake.

"Hiyo ipakue upya," akasema. "Hizi nyingine tunazigeuza, na usiguse zile za asili. Weka nakala pembeni kwanza."

Akanionyesha programu ya bure ya kugeuza. Tukazigeuza zote. Ziliingia, mama! Nilipiga kelele hadi mteja aliyekuja kuchukua picha za pasipoti akaruka. Lakini tulipozicheza tukakuta jambo jingine: Bi Somoe anafunga mdomo, sauti inaendelea. Anakohoa, halafu kikohozi kinafuata. Kaka Hilari akasema simu hurekodi kwa mwendo usio sawa, mara picha nyingi kwa sekunde, mara chache, na programu ya kuhariri inachanganyikiwa. Tukazigeuza tena kwa mwendo mmoja mwanzo hadi mwisho. Mdomo na sauti vikapatana. Hatua zote nikaziandika kwenye daftari, nikazirudia mwenyewe yeye akiangalia, mara mbili, maana sitaki tena kusema tayari kabla ya kuwa tayari.

Ijumaa, kabla ya chakula cha mchana, nilikuwa Newala, nikakata na kuunganisha. Nilitaka kuondoa ule mwanzo ambapo bwana shamba anamwamkia bibi, ili filamu iwe fupi. Mama Salima akakataa katakata. "Utamkata mtu mzima shikamoo yake? Hakuna atakayemsikiliza." Nikauacha.

Ungeona Jumamosi! Tulifunga madirisha ya ukumbi kwa mikeka ya kuanikia. Bi Somoe alipotokea ukutani, na bwana shamba akasema kwenye video, "Shikamoo bibi," ukumbi mzima ukasema naye, wazee kwa vijana: "Shikamoo bibi!" Na ukutani Bi Somoe akaitikia, "Marahaba, wanangu," kama kawasikia wote. Baada ya hapo hakuna aliyekohoa. Akachukua korosho, akaitikisa karibu na sikio, akasema ikinyamaza iache juani, ikilia funga gunia. Akaibonyeza kwa ukucha kuonyesha kuwa iliyokauka haiachi alama. Mzee mmoja akajitetea kwa sauti, "Lakini mimi mwaka jana nilianika!" Mkewe akamjibu, "Ulianika kivulini, ukalala juu yake!" Watu walicheka, kisha wakaomba kipande cha ukucha kirudiwe. Nikakirudia mara tatu, na hakikugoma hata mara moja.

Jana asubuhi Katibu aliniita. Nilikuwa nimeshakunja nguo, sikufichi. Akasema, "Keti kwenye kompyuta. Andika barua ya kumthibitisha kazini karani wa chama. Nitasaini." Akatoka.

Niliiandika barua yangu mwenyewe, mama. Nikaisoma mara nne, nikaangalia nukta, nikaangalia kumbukumbu namba, nikampelekea. Akaisoma polepole, akanitazama juu ya miwani.

"Iko vizuri sana. Ila karani mwenyewe ni nani? Jina hujaliandika."

Hapo ndipo nilipomwona akicheka kwa mara ya kwanza. Nikaandika jina, akasaini, akagonga muhuri.

Nisalimie baba, mwambie likizo yangu sasa ni haki yangu kwa maandishi. Nisalimie kaka Gervasi na mkewe, shangazi wa kule sokoni, na mama mkubwa. Bibi mpe shikamoo yangu kwa mikono miwili. Teddy, mdogo wangu wa mwisho, mwambie asome kwa bidii na asiogope kuuliza.

Na kile kitanda changu, mama, najua kila Jumapili unakitandika. Mpe Teddy, aache kulala chini. Nikija nitalala naye.

Mwanao akupendaye,
Anastazia