Mashangazi wa Pembeni

Samedi, mangaribi

Kumbe haikuwa lensi iliharibu foto! Mwezi muzima nailaumu bure.

Kwenye dote kule Murara, siku ya kutoa ngombe za mahari, mashangazi wa bwana harusi walisimama pembeni, wakatoka giza kwenye foto. Mukubwa wao akaniuliza: "Papa fotografe, ulituficha juu ngombe zetu zilikuwa kidogo?" Nilifikiri hawataniita tena.

Leo, mbele ndoa ya yule bwana harusi ianze, nikaona: flashi ilibakia kwa 105, namba ya kupiga mbali, na lensi yangu iko 24, ya kukamata watu wengi. Mwangaza ulikuwa unafika katikati tu! Nikashusha flashi kwa 24.

Nikapiga familia nzima, hakuna mwenye giza. Yule shangazi mukubwa akashika kamera, akajitafuta pembeni kabisa.

"Niko!" Akaita dada zake wote.